Nchi ipi inatoa mabingwa wengi wa ngumi, na je, nimpeleke mwanangu huko?

*"Naomba unisaidie kumaliza ubishi, na pia kuamua jambo la nyumbani. Mwanangu ana miaka 16. Amecheza ngumi za ridhaa miaka mitatu, mapambano 14, ameshinda 10. Ana kilo 50. Kuna mtu anayejiita wakala, anatuambia kipaji chake kitaoza akibaki hapa, tumpeleke Cuba au Mexico kwa sababu 'huko ndiko mabingwa wanakozaliwa'. Nikitafuta mwenyewe, orodha moja inaweka Marekani juu, nyingine Cuba, nyingine Mexico, na juzi nimesoma kwamba zama hizi ni za Uzbekistan. Shemeji yangu yeye anasema ni damu tu, kuna watu wameumbwa kwa ajili ya ngumi. Nani anasema kweli? Na je, ni nchi inayomtengeneza bingwa?"*

Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili. La kwanza ni la hesabu, na ubishi wake unaisha upesi ukishajua kila orodha inahesabu nini. La pili ndilo linalokunyima usingizi: kama kubaki nyumbani ni kumpotezea kijana wako wakati. Tuanze na hesabu, maana wakala huyo ameijenga hoja yake yote juu yake.

Orodha zote ulizoziona zinaweza kuwa sahihi. Ukihesabu medali za dhahabu za Olimpiki tangu ngumi zilipoingia kwenye michezo hiyo, Marekani inaongoza ikiwa na 50, Cuba inafuata na 42, halafu Uingereza 20, Italia 15 na Umoja wa Kisovieti wa zamani 14. Hapo tayari tumejumlisha Paris 2024. Lakini dhahabu hizo 50 za Marekani zina historia yake. Mwaka 1904 michezo ilifanyika St. Louis na mabondia wote waliopanda ulingoni walikuwa Wamarekani, kwa hiyo hakukuwa na namna ya medali kwenda kwingine. Mwaka 1984 kule Los Angeles walichukua tisa, lakini Cuba na Wasovieti walikuwa wamesusia. Cuba nayo ilipata sita mwaka 1980 kule Moscow, wakati Wamarekani ndio waliosusia. Ukitaka kulinganisha kwa haki zaidi, anza 1972, mwaka ambao Cuba ilipata dhahabu yake ya kwanza ya ngumi. Tangu hapo Cuba ina 42 na Marekani ina 23, na Cuba haikushiriki kabisa 1984 na 1988. Mwanamume wa mwisho wa Marekani kuvaa dhahabu ni Andre Ward, mwaka 2004. Mbili zilizofuata, za 2012 na 2016, zote ni za mwanamke mmoja, Claressa Shields.

Na Uzbekistan? Aliyekwambia ni zama zao hakukosea. Paris 2024 kulikuwa na uzito saba wa wanaume, wao wakachukua tano. Mbili zilizobaki zilikwenda Cuba na Ukraine. Kwa wanawake, ambao waliingia Olimpiki mwaka 2012 tu, China ilichukua dhahabu tatu kati ya sita. Kwa hiyo swali "nani anaongoza" halina jibu mpaka useme unahesabu kuanzia lini.

Sasa funga ukurasa wa Olimpiki ufungue wa ngumi za kulipwa, uone majina yanavyobadilika. Marekani bado iko juu, na kwa mbali. Ya pili ni Mexico, yenye mabingwa wa dunia zaidi ya 200. Nyuma yao wako Japan, Uingereza na Puerto Rico, kisha Ufilipino, Argentina, Korea Kusini na Thailand, kila mmoja akiwa na mabingwa makumi. Cuba unaikuta chini sana, na Uzbekistan ndiyo kwanza inaanza kujaza nafasi.

Linganisha kurasa hizo mbili taratibu. Mexico, yenye mabingwa zaidi ya 200 wa kulipwa, ina dhahabu mbili tu za Olimpiki katika ngumi, na zote zilipatikana nyumbani kwao mwaka 1968, ya Ricardo Delgado na ya Antonio Roldán. Puerto Rico, kisiwa chenye watu wapatao milioni tatu kilichomlea Wilfred Benítez, aliyekuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17 mwaka 1976, hakina hata dhahabu moja ya ngumi. Ufilipino, nchi ya Manny Pacquiao aliyetwaa ubingwa katika uzito nane tofauti, nayo haina. Ukiiondoa Marekani, na kwa kiasi fulani Uingereza, nchi nyingi zinazoongoza orodha moja karibu hazionekani kwenye nyingine. Kumbe tunazungumzia mitambo miwili tofauti inayotoa mabingwa wa aina mbili, na wakala wako ameichanganya anapotaja Cuba na Mexico kwa pumzi moja.

Mtambo wa kwanza ni wa serikali. Cuba inawachukua watoto wenye dalili za kipaji wakiwa wadogo na kuwaweka katika shule za michezo za mikoa, ambako asubuhi wanasoma na mchana wanafanya mazoezi. Wanaofaa wanapanda hadi timu ya taifa, inayoishi na kufanya mazoezi pamoja katika kambi nje kidogo ya Havana. Kila mwaka kuna mashindano ya taifa, Playa Girón, ambayo mabondia wengi wa nje wangeona ni magumu kuliko mashindano ya bara. Kocha Alcides Sagarra ndiye aliyejenga mfumo huo kwa miongo, akichukua mbinu za Wasovieti na kuzichanganya na uchezaji wa miguu wa Kicuba. Lengo ni moja: raundi tatu za dakika tatu, kupiga bila kupigwa, na kupata pointi zinazoonekana wazi mbele ya majaji watano. Uzbekistan na Kazakhstan zimerithi mfumo wa aina hiyo kutoka zama za Kisovieti, kisha zikauongezea fedha. Na kwa kuwa Olimpiki inaruhusu nchi bondia mmoja tu kwa kila uzito, mtambo wa aina hii unalipa vizuri: hauhitaji mabondia elfu wazuri, unahitaji mmoja aliyeiva kwa kila uzito, na wawili watatu wa kumsukuma mazoezini.

Mtambo wa pili ni wa soko. Mexico hakuna anayemlea kijana kwa miaka kumi akisubiri Olimpiki. Saúl "Canelo" Álvarez aliingia ngumi za kulipwa akiwa na miaka 15, na kabla hajafikisha 20 alikuwa amepigana mapambano zaidi ya 30. Julio César Chávez aliingia akiwa na miaka 17 na akamaliza akiwa na mapambano zaidi ya 100. Huko kuna kadi za ngumi, yaani jioni zenye mapambano kadhaa, kila wiki katika miji midogo na mikubwa, kuna mpaka mrefu na Marekani ambako mashabiki wenye asili ya Mexico wanajaza kumbi, na kuna jambo moja ambalo wageni hawalioni: kupoteza pambano si mwisho wa kazi. Juan Manuel Márquez alipoteza pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa kwa kuondolewa na mwamuzi, na bado akawa bingwa katika uzito nne. Katika nchi ambazo promota anamwacha kijana akishindwa mara moja, kila mtu anatafuta wapinzani dhaifu, na kijana anafika miaka 23 akiwa na rekodi safi isiyomfundisha chochote.

Kuna sababu ya tatu, nayo ndiyo hasa inayoinua Mexico, Japan, Thailand na Ufilipino kwenye orodha za kulipwa: mgawanyo wa uzito wenyewe. Ngumi za kulipwa za wanaume zina uzito 17 unaotambuliwa na vyama vyote vinne vikubwa. Tisa kati ya hizo ziko katika kilo 61.2 kwenda chini. Hebu zitazame za chini: kilo 47.6, 49, 50.8, 52.2, 53.5. Hizo ni ngazi tano za ubingwa ndani ya kilo zisizofika sita. Sasa panda juu: kutoka uzito wa juu mwepesi wa kilo 79.4 hadi uzito wa cruiser wa kilo 90.7 ni hatua moja tu, zaidi ya kilo 11. Bondia mdogo anaweza kula mlo mmoja zaidi kwa siku akahamia uzito mwingine na kuwania mkanda mwingine. Bondia wa kilo 82 hana pa kwenda. Kisha zidisha kwa vyama vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, na katika uzito huo tisa mdogo pekee kuna mikanda 36 ya dunia kwa wakati mmoja. Nchi yenye vijana wengi wembamba wanaojua kupigana ina milango mingi zaidi ya kubisha.

Japan ni mfano mzuri. Bingwa wao wa kwanza, Yoshio Shirai, alipata mkanda wa uzito wa fly (kilo 50.8) mwaka 1952, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa na takriban uzito nane na bingwa mmoja kwa kila uzito. Chama chao cha ngumi kiliitambua mikanda ya WBA na WBC tu hadi mwaka 2013, ndipo kikaruhusu IBF na WBO. Milango ikawa mara mbili, na mabingwa wakaongezeka upesi. Mwezi Mei 2024 mikanda yote minne ya uzito wa bantam (kilo 53.5) ilikuwa mikononi mwa Wajapani wanne tofauti. Sisemi mabingwa hao ni wa bei rahisi. Naoya Inoue amekusanya mikanda yote minne katika uzito mbili tofauti, na huyo angekuwa bingwa katika zama yoyote. Ninachosema ni kwamba ukimweka bingwa wa 1952 na bingwa wa 2024 katika hesabu moja, unahesabu vitu viwili visivyolingana, na karibu kila orodha ya mtandaoni hufanya hivyo bila kukwambia.

Orodha hizo zina kasoro nyingine za kiufundi. Lennox Lewis alishinda dhahabu ya mwaka 1988 akiiwakilisha Canada, kisha akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa Mwingereza. Umhesabu wapi? Kuna bingwa "wa kawaida" na bingwa "wa juu" wa chama kilekile katika uzito uleule, kuna mabingwa wa muda, na kuna vyama vidogo vinavyotoa mikanda ya dunia ambayo wachambuzi hawaihesabu. Ukiona orodha isiyosema imehesabu mikanda ipi, isome kwa kujifurahisha tu.

Sasa nije kwa shemeji yako na damu yake. Kama ni damu, aeleze Cuba. Kabla ya mapinduzi, kisiwa hicho kilitoa mabingwa wa kulipwa kama Kid Chocolate mwaka 1931 na Kid Gavilán mwaka 1951, na hakikuwa na dhahabu hata moja ya Olimpiki katika ngumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ikapiga marufuku michezo ya kulipwa. Miaka kumi baadaye dhahabu zikaanza kumiminika, na mabingwa wa kulipwa wakabaki wale waliotoroka: Joel Casamayor aliyeondoka 1996, Guillermo Rigondeaux aliyeondoka 2009. Watu ni walewale, damu ni ileile. Mfumo ndio uliobadilika, na aina ya bingwa ikabadilika nao. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 2022, na Cuba haijawa na kilele kile tena: Paris walipata dhahabu moja tu, ya Erislandy Álvarez.

Au aeleze Korea Kusini, iliyokuwa na mabingwa kila kona miaka ya 1970 na 1980, lakini tangu 2007 haijapata mwanamume hata mmoja mwenye mkanda wa dunia wa vyama vikubwa. Au New York ya miaka ya 1910 hadi 1930, ambako mabingwa walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiayalandi na Kiyahudi, akina Benny Leonard, kabla jamii zao hazijapata kazi nyingine na nafasi zao ulingoni kuchukuliwa na Waitaliano, weusi, kisha Walatino. Ngumi humfuata kijana ambaye milango mingine imefungwa, na huondoka milango inapofunguka. Maumbile yana kazi yake, urefu wa mikono na kasi ya misuli si mambo ya kubeza, ila hutofautiana kati ya mtu na mtu kuliko kati ya nchi na nchi.

Kuna jambo ambalo hesabu kwa nchi inalificha kabisa. Ukienda Ghana ukauliza mabingwa wa dunia wanatoka wapi, hawatakuonyesha ramani ya Ghana. Watakupeleka Bukom na mitaa jirani ya pwani ya Accra, eneo unaloweza kulimaliza kwa miguu, ambako ndiko alikotokea Azumah Nelson. Afrika Kusini jibu kubwa ni Mdantsane, kitongoji cha Rasi ya Mashariki kilichowatoa Welcome Ncita na Vuyani Bungu. Uingereza kuna klabu moja tu ya Sheffield, ya Brendan Ingle, iliyowatoa Naseem Hamed, Johnny Nelson, Junior Witter na Kell Brook, wote mabingwa wa dunia. Detroit kulikuwa na ukumbi wa chini ya ardhi, Kronk, chini ya Emanuel Steward, uliomtoa Thomas Hearns. Bingwa hutengenezwa na ukumbi: kocha anayejua kazi, na vijana wengi wa uzito wake wanaotaka kile anachokitaka yeye, jioni baada ya jioni. Nchi ni jumla ya kumbi hizo tu.

Kwa hiyo turudi kwa kijana wako. Mapambano 14 kwa miaka mitatu ni karibu matano kwa mwaka. Hicho ndicho kinachonisumbua, kuliko mahali anapoishi. Vijana anaotarajia kukutana nao kimataifa hufika ngazi ya wakubwa, yaani miaka 19, wakiwa na mapambano mara kadhaa ya hayo. Vasiliy Lomachenko alitoka ridhaa na rekodi inayotajwa kuwa ushindi 396 na kushindwa mara moja. Hakuna haja ya kumfikia huyo, lakini akilenga, akiwa na miaka 16, mapambano 10 hadi 12 kwa mwaka, dhidi ya wapinzani wa uzito na uzoefu unaokaribiana, ndipo ataanza kujifunza mambo ambayo mfuko wa mchanga haufundishi: kusoma umbali, kupumzika akiwa ndani ya masafa ya ngumi za mpinzani, kubadili mpango raundi ya pili inapokwenda vibaya.

Njia ya kwanza, na ndiyo ningeanza nayo, ni kubaki na kuongeza mapambano. Kocha wake apange safari za klabu kwa klabu, mashindano ya mikoa, na sparingi (mapambano ya mazoezi) na vijana wa klabu nyingine wa kati ya kilo 48 na 54. Ikiwa klabu yake haina hata kijana mmoja wa uzito huo, hilo ni tatizo halisi, nalo linatibiwa kwa kuhamia klabu nyingine iliyo karibu kabla ya kufikiria kuhamia bara lingine.

Njia ya pili ni kambi fupi ya nje, wiki tatu hadi sita, akiwa na kocha wake au mzazi. Faida yake ni wapinzani wapya na kuona kiwango kilipo. Hasara yake ni kwamba mgeni wa kilo 50 mwenye miaka 16 anaweza kugeuzwa mfuko wa mazoezi wa mabondia wakubwa. Kabla ya kulipa chochote, uliza kwa maandishi atapigana sparingi na nani, wana umri gani, raundi ngapi kwa wiki. Raundi 12 hadi 15 za sparingi kwa wiki zinamtosha kijana wa umri wake, na siyo zote ziwe ngumu. Wakikujibu "tutaona akifika", basi asiende.

Njia ya tatu ndiyo ya wakala: kuhama moja kwa moja. Kwa Cuba, elewa kwamba shule na timu zile ni za raia wao. Mgeni anaweza kupata mazoezi ya kulipia au ziara iliyopangwa na vyama vya ngumi, lakini hataingia kwenye ule mtambo uliotoa dhahabu 42. Kwa Mexico, mlango uko wazi zaidi, ila ni mlango wa ngumi za kulipwa. Mapambano yanakuwa ya raundi nne, sita, nane, kwa glovu ndogo na bila kofia ya kujikinga, na mpinzani anaweza kuwa mtu mzima wa miaka 28. Mabingwa 200 unaowasoma ni wale waliofika. Kwa kila mmoja wao kuna mamia waliomaliza wakiwa na rekodi mbaya na pua iliyopinda, na hao hawana orodha. Tangu 2016 waliokwisha kulipwa wanaruhusiwa kushiriki Olimpiki, kwa hiyo mlango haufungwi kabisa nyuma yake, lakini kwa vitendo akishaingia huko mapema ni nadra kurudi kwenye kalenda ya ridhaa. Kwa maoni yangu, miaka 16 na mapambano 14 ni mapema mno.

Kuhusu wakala mwenyewe, mwombe majina kamili ya mabondia watano aliowapeleka nje, kisha fungua rekodi zao kwenye BoxRec, tovuti inayohifadhi rekodi za mabondia. Usiangalie ushindi na kushindwa tu. Angalia walipigana wapi na nani. Ukikuta kijana alitoka kwao akiwa na ushindi sita, halafu mfululizo wa mapambano ugenini dhidi ya wenyeji wasiowahi kushindwa, yote akipoteza, mengine kwa taarifa ya siku chache, basi umejua biashara yake: anauza wapinzani wa kupigwa. Mkataba usainiwe baada ya mwanasheria asiye wa wakala kuusoma. Desturi ya ngumi za kulipwa ni kocha kuchukua asilimia 10 na meneja hadi theluthi moja. Kinachozidi hapo, au mkataba unaojirefusha wenyewe kila akishinda, ni ishara ya kuondoka mezani. Pasipoti ya mtoto haishikwi na mtu mwingine.

Jambo la uzito nalisema kwa mkazo. Kijana wa miaka 16 bado anakua. Akiambiwa ashuke hadi 47.6 "kwa sababu huko mikanda ni mingi", jibu ni hapana. Kwa mtu wa kilo 50, kupoteza kilo moja tu ya maji ni asilimia mbili ya mwili, na hapo uwezo wake tayari unapungua. Ulingoni akiwa amekauka, hatari kwa ubongo nayo inaongezeka. Apigane kwa uzito anaoamka nao asubuhi akiwa amekula vizuri, na akikua ahamie juu bila majuto.

Kabla ya uamuzi wowote, nenda mwenyewe kwenye klabu yake siku ya sparingi, ukae pembeni jioni nzima. Angalia kama kuna saa ya raundi inayofuatwa, kama glovu za sparingi ni za aunsi 14 au 16 na siyo zile za mashindano, kama kocha anapanga jozi kwa uzito na uzoefu au anawaacha vijana wachaguane. Zaidi ya yote, angalia anachofanya mtoto akipigwa ngumi mbili safi za kichwa mfululizo. Kocha mzuri anasimamisha, anamwangalia machoni, anamsemesha, pengine anamtoa kwa siku hiyo. Kocha anayepiga kelele "jibu, jibu!" usimwachie mtoto, awe hapa au Mexico City.

Daktari amwone kabla ya msimu: macho, moyo, historia ya kuzimia au kifafa, na hali yake ya kawaida ya kumbukumbu na usawa wa mwili ili kuwe na kitu cha kulinganisha baadaye. Akishindwa kwa KO, au pambano likisimamishwa kwa ngumi za kichwa, hakuna sparingi kwa angalau siku 30 hata akisema yuko sawa, na arudi kwa ruhusa ya daktari. Kofia ya kujikinga inapunguza michubuko na kuchanika, haizuii ubongo kutikisika. Maumivu ya kichwa yasiyoisha siku ya pili, kusahau raundi nzima, hasira au usingizi usio wa kawaida yake: mpeleke akaonwe ndani ya siku hiyo. Kutapika mara kwa mara, kuona viwili, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, au usingizi mzito ambao ni vigumu kumwamsha: hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi na bila kumpigia kocha kwanza.

Akifika 18 akiwa na mapambano 35 au 40, amepoteza mengine na kujifunza kutokana nayo, na bado anataka, niandikie tena ukiwa na rekodi yake mkononi. Wakati huo swali la Mexico litakuwa na maana, na pengine hatahitaji wakala wa kumpeleka.